Tela la kuishi la futi 26 kwa kazi za mialoni, Mwanza hadi Ukerewe: mpangilio upi wa ndani?

Mwaloni26:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoyajua matela ya kuishi, hasa aina ya fifwili, ambayo shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu na kufungwa kwenye sahani kama semi. Sizungumzii yale ya kukokota kwa mpira wa chuma nyuma ya gari.

Matumizi ni haya. Watu wanne: mke na mume, na mafundi wasaidizi wawili. Kazi ni matengenezo ya majokofu ya sola kwenye mialo ya samaki (sehemu za ufukweni zinakoshushwa samaki), safari za siku 10 hadi 14. Njia ni Mwanza, Magu, Lamadi, Bunda, Kisorya, kivuko hadi Rugezi, kisha Nansio. Mara chache Sengerema kwa daraja la Kigongo–Busisi. Umeme wa gridi hatuutegemei.

Chesisi ni futi 26, karibu mita 8 pamoja na shingo. Itakuwa na ekseli mbili, ila fundi bado hajazichomelea, kwa hiyo zinaweza kusogezwa. Gari la kuvuta ni pikapu ya dabo kebini, uwezo wa kubeba tani moja. Michoro mitatu iko mezani:

Wa kwanza: kitanda shingoni, bafu katikati, jiko nyuma kabisa na dirisha pana.
Wa pili: kitanda shingoni, jiko katikati, chumba cha dabo deka nyuma, choo na bafu nyuma pia.
Wa tatu: kitanda shingoni, jiko katikati, sebule nyuma yenye slaidi mbili, wasaidizi wanalala kwenye makochi.

Mke wangu anaupenda wa tatu kwa sababu ya nafasi. Tanki la maji tumepanga lita 400. Tuchague upi?

Fundi_Igoma:

Mkuu, kabla ya mchoro tuanze na gari, maana hapo ndipo mipango mingi inapokwama.

Kwenye fifwili uzito unaokaa juu ya sahani unatakiwa uwe asilimia 20 hadi 25 ya uzito wote wa tela. Ukishuka chini ya hapo, mkia unaanza kucheza barabarani, na mwendo ukiongezeka tela ndilo linaloliendesha gari. Tela la mita 8 lenye kuta, samani, maji na vifaa vya kazi halitakuwa chini ya kilo 4,000. Asilimia 20 yake ni kilo 800. Pikapu yako inabeba 1,000. Toa watu wanne, kilo 300. Toa sahani na fremu yake, kilo 80 hivi. Imebaki 620. Kwa hiyo umeshazidisha kabla hujaweka hata boksi moja la spana nyuma ya viti. Na pikapu nyingi za daraja hilo mwisho wake wa kuvuta ni kilo 3,500, tena tela likiwa na breki zake lenyewe.

Halafu kuna kona. Ukiweka kingipini (pini ya shingo ya tela inayoingia kwenye sahani) nusu mita kutoka uso wa tela lenye upana wa mita 2.44, ncha ya mbele ya tela iko mita 1.32 kutoka kwenye kingipini. Kingipini inatakiwa ikae juu ya ekseli ya nyuma ya gari au mbele yake kidogo. Bodi ya dabo kebini ni fupi, kama mita 1.5, na kutoka ekseli hadi ukuta wa kebini hupati mita 1.32. Ukikata kona kali kwenye geti la nyumba ya wageni, ncha ya tela inavunja kioo cha nyuma. Kukata ncha za shingo kimshazari kunasaidia, ila kunakula pembe za chumba cha kulala: kitanda cha tano kwa sita kinabaki bila pa kupitia pembeni.

Ushauri wangu ni Canter au Isuzu ndogo ya chesisi fupi, ifungwe sahani. Inabeba uzito wa shingo bila kuinua pua, na breki zake zimetengenezwa kwa mizigo. Kama pikapu ni lazima, basi punguza tela hadi futi 18 na watu wawili.

Sasa michoro. Chukulia kutoka kingipini hadi katikati ya ekseli mbili ni mita 5.5. Ili upate asilimia 20 shingoni, kitovu cha uzito lazima kiwe mita 1.1 mbele ya ekseli. Kila kilo unayoweka nyuma ya ekseli inapunguza uzito wa shingo. Mchoro wa kwanza unaweka friji, sinki, kabati za vyombo na chakula cha wiki mbili mkiani: tuseme kilo 300, mita 1.5 nyuma ya ekseli. 300 mara 1.5 gawa kwa 5.5 ni kilo 82 zimeondoka shingoni. Mkiani ndiko kunakoruka zaidi kwenye matuta, kwa hiyo kabati zinafunguka, sahani zinavunjika, na viungo vya bomba la gesi vinalegea. Hilo la gesi ndilo linalonitisha.

Mchoro wa pili una faida ambayo watu hawaioni: chumba cha dabo deka ni chepesi wakati wa safari. Magodoro na shuka tu, wenye kulala wako kwenye gari. Uzito wao unakuja usiku tela likiwa limesimama juu ya jeki. Ila msigeuze uvungu wa deka kuwa stoo ya kompresa na mitungi ya gesi ya majokofu. Vitu vizito viende kwenye stoo ya chini ya shingo, nyuma tu ya miguu ya mbele.

Likiisha, nenda mizani. Pima gari peke yake, kisha pima ekseli za gari tela likiwa limefungwa. Tofauti ndiyo uzito wa shingo. Pima tela likiwa na maji, kisha bila maji.

BintiNansio:

Nakubaliana na Fundi kuhusu mchoro wa pili, ila choo kitoke nyuma. Nitarudi hapo.

Kwanza slaidi. Kwa asiyezijua, ni kile kipande cha ukuta kinachosukumwa nje tela likishaegeshwa ili sebule ipanuke. Kaka, mwambie wifi kwamba nafasi ile ipo mkiwa mmeegesha mahali tambarare kwa siku nyingi. Ninyi mnahama kila siku mbili tatu. Slaidi mbili zinazotazamana zikifungwa zinakutana katikati na korido inapotea. Mkisimama Lamadi mchana kula, hamfiki kwenye friji wala chooni mpaka mzifungue, na pembeni mwa barabara hakuna pa kuzifungulia. Vumbi la changarawe linakaa kwenye mpira wa kuzuia maji, mpira unakwaruzika, masika ikifika maji yanaingia na plaiwudi ya sakafu inavimba kuanzia kwenye kingo. Mota ikigoma slaidi ikiwa nje, safari imeishia hapo. Kila slaidi pia inaongeza kilo mia kadhaa upande mmoja.

Kipimo changu kwa mchoro wowote: ukiwa umefunga kila kitu kama uko barabarani, je, mtu anaweza kuingia, kufika chooni, kufungua friji na kulala? Jibu likiwa hapana kwa kimojawapo, mchoro huo si wa kazi yenu.

Pili, mlango. Michoro mingi inayozunguka mtandaoni ni ya Marekani, ambako wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango na turubai la kivuli viko upande wa kulia wa tela. Ukinakili hivyo, hapa kwetu mlango unafunguka kwenye magari yanayopita. Geuza mchoro wote kama kwenye kioo: mlango kushoto, turubai kushoto. Kama unafikiria kununua lililokwisha kutengenezwa huko, kumbuka pia umeme wake ni volti 120 na mizunguko 60. Friji, kiyoyozi na chaja zake hazichomekwi kwenye 230 yetu.

Tatu, hewa. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Kila chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana. Chumba cha shingoni ndicho kinachopata joto kuliko vyote kwa sababu dari iko karibu na uso wa mlalaji, kwa hiyo kiwekewe tundu la paa pia. Kila kitanda cha deka kiwe na dirisha lake, la chini na la juu, vinginevyo wa juu hatalala. Neti iwe ya matundu madogo kuliko ya mbu wa kawaida, kwa sababu wale wadudu wadogo wa ziwa wakitoka kwa mawingu wanafuata taa nyeupe na kupenya. Taa ya nje iwe ya manjano, ikae mbali na mlango.

Mtungi wa gesi uwe kwenye kabati linalofunguka nje tu, lenye matundu chini, kwa maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na inatuama sakafuni. Usiwe chini ya kitanda wala pembeni mwa mlango wa kutokea.

MajiSalama:

Niongezee kwenye maji. Lita 400 ni kilo 400, na mnazibeba barabarani wakati kila mwalo una maji. Kwa kuoga kwa ndoo, kupika na vyombo, hesabu lita 20 kwa mtu kwa siku. Watu wanne ni 80. Lita 200 zinakaa siku mbili na nusu.

Ila zisiwe kwenye tanki moja. Wekeni mawili ya lita 100, kila moja na koki yake. Sababu ni kichocho. Maji ya ukingoni mwa ziwa yana viluwiluwi vya minyoo vinavyopenya ngozi, hata kama hunywi. Nje ya konokono na bila kumpata mtu wa kumwingia, vinakufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo maji ya ziwa yachujwe kwa kitambaa kizito yasiingie na konokono, yatulie saa 48 kwenye tanki moja wakati mnatumia la pili. Yakishatulia yanafaa kuoga. Ya kunywa bado yachemshwe. Mpangilio huu unafanya kazi mkianza safari na tanki zote mbili zimejaa maji ya bomba. Kwa matumizi ya lita 80, tanki moja linawapa siku moja na robo tu, kwa hiyo pale mtakapotegemea ziwa peke yake mshuke hadi lita 50 kwa siku, au mwongeze madumu ya lita 20 ya kutulizia maji nje.

Mahali pa tanki: mbele ya ekseli, moja kila upande, kwa urefu sawa kutoka katikati. Tanki la maji machafu ya sinki na bafu liwe nyuma kidogo ya ekseli. Lita 200 zilizo mita 1 mbele zinaongeza kilo 36 shingoni. Yakitumika na kuhamia tanki la nyuma, uzito wa shingo unashuka taratibu, haukatiki ghafla.

Choo cha kaseti (tanki dogo la kinyesi linalochomolewa) ya lita 20 kwa watu wanne kinajaa kwa siku mbili au tatu. Nunua kaseti mbili. Mnamwaga kwenye choo cha shimo kwa ruhusa ya mwenyewe, kamwe si ziwani, na msitumie dawa yenye fomalini.

Mwaloni26:

Asanteni sana. Slaidi zimefutwa, na Canter inatafutwa. Dada, uliahidi kurudi kwenye choo. Kwa nini kisiwe nyuma? Fundi wangu anasema bomba linakuwa fupi.

BintiNansio:

Kwa sababu ya kivuko, kaka.

Choo na bafu vikiwa mkiani, bomba la maji machafu linaning'inia chini ya chesisi, na linahitaji mteremko wa sentimita 2 kwa mita, kwa hiyo sehemu yake ya chini kabisa inaangukia mkiani. Kama ekseli ziko mita 5 kutoka kingipini, tairi la mwisho linaacha mkia wa mita 2.1. Chesisi ikiwa juu sentimita 45 na bomba limeshuka 12, imebaki 33. Hiyo ni sentimita 16 tu za mwinuko kwa kila mita. Gari likianza kupanda mlango wa kivuko, mkia unashuka na bomba ndilo la kwanza kugusa zege. Linapasuka kwenye kiungo.

Sogeza ekseli nyuma nusu mita, hadi 5.5. Mkia unabaki mita 1.6. Hamisha bafu juu ya ekseli, upande wa kulia, na bomba litoke kulia mbele ya matairi. Sasa una sentimita 45 kwa mita 1.6, yaani 28 kwa mita. Kupeleka ekseli nyuma kunaongeza uzito wa shingo, na ndiyo maana Fundi anasisitiza Canter. Nenda Kisorya na Rugezi na rula ndefu na pimamaji, upime mwinuko wa gati zote mbili kabla ekseli hazijachomelewa. Ziwa likipanda au kushuka mwinuko unabadilika, kwa hiyo acha akiba.

Fundi_Igoma:

Dada kamaliza. Niongeze moja tu. Kabla ya kukata plaiwudi, chora tela zima kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, kipimo halisi. Weka maboksi mahali pa friji, jiko na bafu la sentimita 80 kwa 80. Korido isipungue 60. Watu wanne waingie pamoja kama ni alfajiri: mmoja anapika, mmoja yuko bafuni, mmoja anashuka kutoka deka, mmoja anatafuta viatu. Mlango wa bafu ukigongana na wa friji, utauona hapo hapo. Chaki inafutika, chuma kilichochomelewa kinahitaji grainda.