Nyumbani Chumbageni, Tanga: sauti ya sebule ya Mzee

*IJUMAA*

Rama: Shikamooni wakubwa. Niko Kariakoo hapa. Nimekuta hom thieta ya 5.1, sabufa na spika tano, jamaa anasema wati 12,000. Anataka laki tatu na nusu. Nichukue kwa TV ya Baba?

Rama: [picha]

Dada Mwanaidi: Marahaba. Usitoe hela kwanza. Hamisi yuko wapi?

Mama: Wati elfu kumi na mbili za nini Rama? Hapa nyumbani au uwanja wa Mkwakwani?

Rama: 😂😂 Mama, bomu likilipuka kwenye sinema unalisikia kifuani

Mama: Mimi kifua changu kinanitosha.

Hamisi: Rama, achana na boksi. Mwambie aitoe, igeuze nyuma. Karibu na waya wa umeme kuna kibandiko. Kipige picha.

Rama: [picha] 230V, 50Hz, 65W

Hamisi: Umeona? Inakula wati 65 ukutani, hizo elfu kumi na mbili inazitoa wapi? Namba ya kwenye boksi ni PMPO, nguvu ya kufumba na kufumbua, kila kiwanda kinajiandikia kinavyotaka. Muulize RMS, nguvu halisi ya mfululizo, ni ngapi.

Rama: Anasema RMS ni hiyohiyo

Hamisi: Mshukuru, toka dukani.

Baba Mdogo Idi: Asalaam aleykum. Jamani mnahangaikia nini na mimi nipo? Hapa Houston nina risiva, mashine ya kuendesha spika, imekaa stoo, chaneli saba, na spika zake zote. Naitupia kwenye kontena la rafiki yangu, mnakomboa Dar.

Rama: Baba mdogo wewe ni mtu 🙌🙌

Hamisi: Waaleykum salaam, shikamoo baba mdogo. Naomba na wewe uangalie nyuma, karibu na waya.

Baba Mdogo Idi: Marahaba. Subiri nishuke... 120V 60Hz.

Hamisi: Ndiyo hofu yangu. Huku ni 230. Ikichomekwa moja kwa moja, tukiwa na bahati inakatika fyuzi, tukikosa inaungua transfoma. TV nyingi siku hizi zinameza 100 hadi 240, lakini risiva nyingi za huko ni volti moja tu. Itabidi tununue stepdauni kubwa la kushusha umeme, zito kama tofali, lile mlio wake tu Baba atalizima usiku. Na kontena nalo lina gharama yake.

Baba Mdogo Idi: Basi haina haja.

Mama: Ngojeni niwaambie, maana naona mnazungumza mambo ya redio. Shida ya baba yenu si mlio. Ni maneno. Jana tumekaa, kila dakika "kasemaje huyo?" Anapandisha sauti mpaka 40. Muziki ukiingia, mama Zai jirani wa ng'ambo anafunga dirisha.

Shangazi Zuhura: Au masikio jamani? Kaka umri umekwenda.

Baba: Masikio yangu mazima. Adhana naisikia.

Shangazi Zuhura: Nisamehe kaka 🙏

Hamisi: Baba ana haki yake, hata mimi kwenye hiyo TV maneno siyapati. TV zimekuwa nyembamba mno, spika hazina pa kukaa mbele, zimesukumwa chini au nyuma. Sauti inagonga ukuta kwanza ndipo imfikie mtu. Halafu sinema nyingi zimetengenezwa kwa chaneli sita, na maneno karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati. TV ina mbili tu, inazishindilia zote sita humo. Mtu ananong'ona, ngoma na magari vimempanda kichwani.

Hamisi: Na sebule yenyewe vigae vitupu, kuta tupu. Lile zulia mlilokunja likitandikwa mbele ya TV, na pazia nzito zikarudi, mwangwi unapungua bila kununua kitu.

Mama: Zulia ni la wageni.

Dada Mwanaidi: Mama!

Rama: Si hii ya kwangu ina spika ya katikati?

Hamisi: Unaiunga na TV kwa kutumia nini? Angalia matundu.

Rama: Nyekundu na nyeupe. Na Bluetooth.

Hamisi: Nyekundu na nyeupe ni chaneli mbili. Spika tano zitagawana zilezile mbili, ya katikati itaimba na muziki humohumo. Tafuta saundibaa, ile spika ndefu ya kukaa mbele ya TV, iliyoandikwa 3.1, ambayo ile ya kati inajitegemea. Iwe na HDMI ARC, tundu la kupokea sauti ya TV kwa waya mmoja. Ya 2.1 usichukue hata akikupunguzia.

Shangazi Zuhura: Yangu naunga kwa Bluetooth. Mdomo unafunga, neno linafuata nyuma. Nilidhani ni hizi tamthilia za kutafsiri 😅

Hamisi: Bluetooth inachelewesha shangazi. Kwa muziki sawa, kwa TV tumia waya.

Baba: Nimesoma yote. Nataka kumsikia mtangazaji. Mkinifungia spika nyuma ya kiti naing'oa.

Hamisi: Haitafungwa baba.

Rama: Nimepata ya 3.1 duka la mtaa wa pili. Laki sita na ishirini, dhamana mwaka mmoja. Nyuma inasema HDMI TV ARC.

Dada Mwanaidi: Aijaribu mbele yako, na risiti iandikwe namba ya mashine. Mimi natoa laki mbili.

Baba Mdogo Idi: Zilizobaki zangu. Natuma sasa hivi.

*JUMAPILI*

Mama: Hamisi, Rama kafika tangu asubuhi, ameunga, kimya. Baba yenu ameshavaa kanzu yake anatoka.

Rama: Taa inawaka, TV inaongea yenyewe, saundibaa haitoi neno

Hamisi: Waya umechomeka tundu gani la TV?

Rama: HDMI 1, si zote ni sawa?

Hamisi: Hazifanani. Tafuta lililoandikwa ARC pembeni.

Rama: [picha] HDMI 2 (eARC/ARC). Kuna king'amuzi humo.

Hamisi: King'amuzi kihamie 1. Ukimaliza, mipangilio ya TV, washa CEC, ndiyo inayofanya TV na baa zielewane. Kwenye LG utaiona kwa jina la SimpLink, Samsung ni Anynet+. Kisha sehemu ya sauti chagua itoke HDMI, si spika za TV.

Rama: Imetoka 🔥 Halafu rimoti ya TV inaipandisha na kuishusha

Hamisi: Hiyo ndiyo kazi ya CEC. Baa umeiweka wapi?

Rama: Ndani ya kabati, chini, isionekane

Hamisi: Itoe. Iweke juu ya kabati, mpaka ukingoni kabisa, isizibwe. Sabufa usiibanze kwenye kona, italia kama pipa. Usiku washa "night", milio mikubwa inabanwa, maneno yanabaki juu.

Dada Mwanaidi: Na TV yenyewe ishushwe, yule fundi aliitundika juu kama picha ya rais. Macho ya Baba akiwa amekaa yawe usawa wa katikati ya kioo.

Rama: Hiyo inataka drili, Hamisi aje nayo Jumamosi

Mama: Jamani, iko 14. Kumi na nne! Na namsikia mpaka jikoni.

Shangazi Zuhura: Kaka anasemaje?

Mama: Kavua kanzu. Anamjibu mtangazaji.

Baba: Bei za korosho alizosoma si za kweli.

Rama: Hamisi, kwa hiyo ile ".1" ndiyo sabufa?

Hamisi: Ndiyo.

Rama: Alhamdulillah

Mama: Rama ukiigusa nakurudisha Dar na basi la usiku.