Naomba ushauri: chupa ya zamani ya cassis (pombe tamu ya matunda meusi madogo), niiuze au tuinywe tu?

Wakuu habari zenu, mi naishi Dijon huku Ufaransa, juzi kwenye mnada wa mitumba nimeokota chupa ya crème de cassis ya Lejay-Lagoute (hao jamaa wapo tangu 1841), haijafunguliwa ila lebo imeliwa na unyevu pembeni na kinywaji kimeshuka chini ya shingo, afu ukiimulika na tochi sio zambarau tena, imekua kahawia kama chai ya rangi. Najua cassis haizeeki kama konyaki, ladha ya tunda inakufa. Sasa wanaokusanya chupa wanaangalia lebo au ujazo? Na vumbi nifute au niache? Waifu anataka tupige kir (mvinyo mweupe unachanganywa na cassis), ile ya meya wa zamani wa hapa Dijon, Félix Kir, ambae kweli alikua kasisi 😂