Igizo la Baraza la Usalama hapa Arusha: hela mmekula, kanuni hamjui, rudisheni chetu

Wakuu, nimevumilia tangu jumamosi ila leo lazima niseme. Kuna hawa jamaa walioandaa igizo la wanafunzi la Umoja wa Mataifa hapa Arusha, mada ni mgogoro wa makombora ya Cuba, Oktoba 1962, pale Urusi ilipoficha makombora ya nyuklia Cuba na Marekani ikataka yatoke. Kiingilio tumelipa, tumetoka Moshi na Kosta ya alfajiri, koti nimechambua soko la mitumba la Memorial mpaka jasho likanitoka, halafu ndo tukafanyiwa ule upuuzi.

Mi nilipangiwa Ghana nikasoma kweli, maana mwaka ule Ghana ilikuwa ndani ya Baraza, na ni yeye na Misri ya Nasser walioleta pendekezo la kumtaka U Thant, kaimu katibu mkuu wa UN, azungumze na pande zote. Nafika na makaratasi yangu, mwenyekiti ananiambia we Ghana msikilize Urusi tu, nyie wa kujaza viti. Wa kujaza viti!

Naangalia mezani vibao viko 15. Jamani 1962 Baraza lilikuwa na wajumbe 11, hizo 15 zimekuja 1965. Na kwenye vya nyongeza wamebandika TANZANIA. Tanzania ipi Oktoba 1962?? Muungano ni Aprili 1964, wakati Kennedy, rais wa Marekani, anaonyeshwa picha za makombora zilizopigwa na ndege ya upelelezi ya U-2 sisi huku ni Tanganyika na waziri mkuu ni Kawawa. Yaani mko Arusha na hilo mnakosea! Dogo wa China naye anamwaga sera za Mao wakati kiti kile walikalia Taiwan mpaka 1971. Nikanyoosha mkono, nikaambiwa napoteza muda.

Ya vibao ningemeza. Kilichonichefua ni kura. Marekani kaleta azimio makombora yaondolewe, Urusi kanyoosha mkono KUPINGA, ukumbi mzima tumeona, mwenyekiti kahesabu kasema zimefika tisa, limepita, kagonga meza. Linapitaje na Urusi kapinga? Kura ya turufu si ndo hiyo, mjumbe wa kudumu akipinga tu azimio limekufa? Ndo maana mambo yenyewe yalimalizwa kwa barua za Kennedy na Khrushchev wa Urusi na maongezi ya chini chini kuhusu makombora ya Marekani ya Jupiter kule Uturuki, kwenye Baraza lenyewe New York hakuna azimio lililopita. Dada aliyekuwa Urusi kasimama kalalamika kwa adabu kabisa, kaambiwa akae anavuruga kikao.

Basi hapo kila mtu akajiamulia. Marekani kaipiga Havana kabla hata ya chai, Cuba kajibu, watu wanapiga makofi, mwenyekiti anacheka eti kikao kimechangamka. Wenzetu siku 13 dunia nzima roho mkononi, sisi tumemaliza ndani ya saa moja na sambusa juu.

Na zawadi ya mjumbe bora kapewa nani? Marekani huyo huyo, ambaye anasoma shule moja na mwenyekiti. Hotuba hana, kazi yake ilikuwa kuongea Kiingereza cha puani na kukatiza watu.

Nimewaandikia waandaaji, ujumbe wameusoma na hawajajibu. Ninachotaka: nusu ya kiingilio irudi, au kile kikao kirudiwe na mtu aliyesoma kanuni. Kama ulikuwepo ukumbini na ulipiga picha ile mikono ya kupiga kura, iweke hapa chini, maana wameshaanza kusema Urusi alikaa kimya.