Naomba ushauri: karakana ya useremala chini ya nyumba

Ndugu zangu, nyumba iko kwenye mteremko, Muyenga, Kampala. Uwazi chini ya sakafu una kimo cha mita 1.9, nahitaji 2.3, yaani kuchimba sentimita 40. Tatizo ni msingi wa ukuta wa mlimani: umeingia ardhini sentimita 30 tu, kwa hiyo nikichimba hadi ukutani utaning'inia. Niache kingo ya udongo ya mita moja na kuizuia kwa zege, au nijaze zege chini ya msingi kwa vipande vya mita moja, bila kufungua viwili vinavyopakana?

Mvua za Machi hadi Mei nazo hupenyeza maji. Nailoni chini ya zege ya sakafu haitoshi maji yakisukuma. Napanga mtaro wa kokoto nje, chini kuliko sakafu mpya. Bomba lake liwe inchi ngapi?