Mjadala: Kuinyima Rwanda misaada kulisaidia 2012, mbona 2025 kumegonga mwamba?

Wakuu, Kivu, kule mashariki mwa Kongo, ikiwaka tu, wimbo ni uleule: wafadhili wafunge bomba la misaada, Kigali itatulia. Mimi nasema hiyo dawa imeshaisha nguvu.

Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema wanabebwa na Rwanda, Kigali ikakana. Tangu Julai mwaka huo Uingereza, Ujerumani na Uholanzi walishaanza kuzuia fedha, na misaada ilikuwa sehemu kubwa ya bajeti ya Rwanda. Ndiyo maana Agosti ulizinduliwa mfuko wa taifa wa Agaciro, wa kupunguza kutegemea misaada, walimu wakachangia kutoka kwenye mshahara. Kwa hiari, wanasema. Hiari yenyewe kama ya michango yetu ya Mwenge. Novemba 2013 M23 wakachapwa, ingawa mizinga ya brigedi ya Umoja wa Mataifa, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, nayo ilifanya kazi yake.

Sasa njoo 2025. Goma imeanguka Januari, Bukavu Februari. Uingereza na Ujerumani wamebana misaada. Ubelgiji nayo ilipopiga kelele, Kigali yenyewe ikavunja ushirikiano wa maendeleo, na Machi ikawafukuza wanadiplomasia wa Ubelgiji. Yaani mpewaji ndiye anayembamizia mtoaji mlango!

Jeuri hiyo inatoka wapi? Tazameni Cabo Delgado. Tangu Julai 2021 askari wa Rwanda wako kule Msumbiji, kwenye eneo la mradi wa gesi wa TotalEnergies, kampuni ya Ufaransa. Umoja wa Ulaya umewapa euro milioni 20 mwaka 2022, na nyingine 20 Novemba 2024. Februari 2024 ulitia saini makubaliano ya madini na Kigali. Ukishamwajiri mtu awe mlinzi wako, utamtishia posho kwa mdomo gani?

*Mchangiaji:* Mkuu, hesabu zako hazina mgonjwa. Bajeti ikibanwa, askari hakosi mshahara. Anayekosa ni mama aliyepanda kilima na mtoto mgongoni, akafika zahanati akaambiwa dawa zimeisha. Huyo mama M23 anawajulia wapi?

*Mleta mada:* Hapo umenibana, sibishi. Uingereza ililiona hilo: 2013 fedha zake haikuzimwaga kwenye bajeti ya jumla ya serikali, ikazielekeza kwenye elimu na kaya maskini. Lakini ukimlipia mtu madawati, ile hela yake ya madawati inabaki mfukoni, na hakuna anayemuuliza ameipeleka wapi. Wewe ungezipitishia wapi?