Mbegu ya Mulato II, mbona bei iko juu hivi?

Wadau, hii Mulato II, nyasi ya malisho ya mifugo ya jamii ya brachiaria, si ilizalishwa na CIAT kule Colombia, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kisicho cha faida kabisa, sasa mbona mbegu inauzwa na kampuni tena bei inauma?

— CIAT wanachanganya aina za nyasi na kuchagua zilizo bora tu mkuu, biashara ya mbegu siyo kazi yao. Ndo maana 2001 wakafunga mkataba na Papalotla ya Mexico, kampuni inachangia utafiti inapewa haki ya kuuza. Na hizi nyasi zinatoa mbegu kiduchu, ndo bei inazidi kupanda.

— Cha kuchekesha asili ya brachiaria ni hapahapa Afrika 😂 Nunua pakti ndogo, ikishika gawa mashina yenye mizizi upande kwingine, inakubali.

— Kwenye mvua lakini, kiangazi utalia.