Nimekuta kinundu kigumu kama jiwe kwenye kaakaa. Nipo Mbeya, naombeni ushauri

Mama Neema (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wanajukwaa. Nipo Uyole, nina miaka 34 na watoto wawili. Naandika nikiwa na hofu, naombeni mnisome mpaka mwisho.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nakula viazi vya kuchemsha vikiwa vya moto, si mnaijua baridi yetu ya Juni. Kimoja kikaniunguza kwenye kaakaa. Kesho yake ulimi ukawa haubanduki pale, ndipo nikakuta kinundu. Kipo katikati kabisa, kigumu, ukubwa wa harage. Nikimulika kwa tochi ya simu mbele ya kioo naona kina mfereji katikati kama punje ya kahawa. Chenyewe hakiumi nikikibonyeza, ila ngozi ya juu yake ilibabuka.

Nilikwenda duka la dawa nikapewa vidonge vya kuua bakteria. Nimemaliza dozi, kinundu kipo vilevile. Jirani anasema ni kimeo, kuna mzee anakata, nisichelewe. Mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya koo, kwa hiyo usiku silali. Kuna mwenzangu ameshakutana na kitu hiki? Nikate?

Mkulima wa Makambako
Pole sana dada. Usikate! Kimeo ni kile kinyama laini kinachoning'inia nyuma, karibu na koo. Chako kipo mbele na ni kigumu, wapi na wapi? Mtoto wa kaka yangu alikatwa kimeo, damu ikakataa kukata usiku kucha. Tulimfikisha hospitali alfajiri, kanga ya mama yake imelowa kifuani kote. Wazee nawaheshimu, lakini kwa hili nasema hapana.

Tabibu wa Meno
Mama Neema, pole. Kabla sijasema lolote nijibu: kinakua haraka? Kinatoa damu? Kuna ganzi mdomoni au jino linalolegea? Rangi yake ni sawa na kaakaa lote, au ni ya zambarau? Na pale palipobabuka pamepona?

Mama Neema
Shikamoo daktari. Hakitoi damu, ganzi sina, meno yako imara. Rangi ni ileile, labda kimepauka kidogo. Palipobabuka pamepona, palichukua kama siku kumi. Kama kinakua sijui, maana sikuwahi kujua kama kipo.

Tabibu wa Meno
Marahaba. Hayo uliyoeleza yanafanana sana na mfupa wako mwenyewe. Kaakaa gumu limeungwa na mifupa ya kulia na ya kushoto inayokutana katikati, na kwa watu wengi mfupa hutuna taratibu kwenye mstari huo wa maungio. Kitaalamu huitwa torasi. Si saratani na haugeuki kuwa saratani. Huanza kutuna ujanani, tena polepole mno, ndiyo maana mtu hushtuka siku anapoungua au anapokula kitu kigumu, akadhani kimeota jana.

Ngozi inayofunika pale ni nyembamba na damu haifiki kwa wingi, kwa hiyo hujeruhiwa upesi na huchelewa kupona. Hata vile vidonge havikuwa na cha kutibu, mfupa si ugonjwa wa bakteria.

Hata hivyo nenda uonwe kwa macho, kwa sababu mimi nasoma maandishi tu. Kidonda cha mdomoni kisichopona wiki mbili, uvimbe laini, wa zambarau, unaotoa damu au unaokua haraka, huo usiungoje.

Kamwene Iringa
Kamweneee. Mimi ninavyo viwili, taya la chini upande wa ndani, chini ya ulimi, kushoto na kulia, usawa wa magego ya mbele. Nina miaka 47. Nilivigundua mswaki ulipogonga. Mke wangu ananiambia nasaga meno usiku mpaka anaamka. Je, vinahusiana?

Tabibu wa Meno
Kaka, inawezekana. Wanaosaga meno huonekana kuwa navyo zaidi, ila urithi nao una nguvu yake, familia moja unaweza kuwakuta watatu. Vya chini mara nyingi huja pande zote mbili kama vyako. Cha juu huonekana zaidi kwa wanawake.

Mwalimu wa Rungwe
Samahani daktari, kama ni kawaida kiasi hicho mbona hatuvisikii?

Tabibu wa Meno
Mwalimu, kisichouma nani atakitaja? Kiwango hutofautiana jamii na jamii. Kwa Marekani kinachotajwa sana kwa cha kwenye kaakaa ni watu 20 hadi 35 katika kila 100, na vya taya la chini ni kama 5 hadi 10. Ukiwa na darasa la wanafunzi 40 wa chuo, usishangae wachache wakiwa navyo bila kujua.

Mama Baraka
Mimi mwanangu ana miaka 6, taya lake limevimba upande mmoja tangu wiki mbili zilizopita, na jino la pale linacheza. Basi nami nitulie?

Tabibu wa Meno
Hapana mama, usitulie! Huyo usimlinganishe na uzi huu hata kidogo. Mtoto wa umri huo, taya kuvimba haraka na meno kulegea, apelekwe hospitali kesho asubuhi. Afrika Mashariki tuna saratani ya watoto iitwayo Baketi inayoanza hivyohivyo, inakua kwa siku na si kwa miaka, na ikiwahiwa inatibika. Huenda likawa ni jipu la jino tu, lakini waseme waliompima. Tafadhali rudi utuambie.

Mama Baraka
Sawa daktari. Tunaondoka na basi la kwanza.

Mama Neema
Jamani, nimerudi. Jana nilimpigia mama yangu Tukuyu nikamweleza yote. Kimya kidogo, nikasikia anaingiza kidole mdomoni, kisha: "Hicho? Mbona ninacho tangu sijaolewa." Nililia kwenye simu.

Leo nimeonwa na daktari wa meno. Alibonyeza kwa kidole chenye glavu, akapitisha kioo kidogo, akanishikisha kioo kingine ili nami nione. Akanionyesha ngozi ilivyo nzima juu yake. Amesema ni mfupa, hakuna cha kukata, chai niiache ipoe kidogo, nirudi baada ya miezi sita akilinganishe na picha aliyoipiga. Hukatwa kama kinasumbua kula au kuongea, kama kinajeruhiwa kila mara, au mtu akitaka meno ya bandia nacho kinazuia yasikae.

Hilo la mwisho limenigusa, kwa sababu mama hana meno ya juu, na yale ya bandia aliyotengenezewa aliyaacha kabatini akisema yanamchoma katikati. Tukadhani ni ukaidi wa uzee. Jumamosi anapanda gari kuja huku, nampeleka mwenyewe. Ndaga fijo, yaani asanteni sana wote, na Mama Baraka tunakusubiri hapa.